Utamu wa Kimea: Jinsi ya Kuonja Bia Nyeusi ya Munich

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni muuguzi kutoka Moshi, na huu ni mwaka wangu wa pili kazini hapa Munich. Mwezi Machi wenzangu wa wodini walinishauri ninunue bia yao nyeusi ya Kwaresima, wanayoiita Doppelbock, wakisema hawajui bia iliyo bora kuliko hiyo. Nilinunua chupa mbili. Ya kwanza niliiweka kwenye friza mpaka ikakaribia kuganda, kama wengi wetu tunavyopenda bia nyumbani, nikainywa kwenye chupa. Sikupata ladha yoyote isipokuwa ukali wa pombe. Ya pili niliiacha mezani karibu na kipasha joto cha chumba, nayo ikawa nzito na tamu kama dawa ya kikohozi. Je, bia hizi zilikuwa zimeharibika? Wametia sukari? Kwa kuwa ni nyeusi, ndiyo maana ni kali? Na kama kuna namna ya kuionja, naomba unifundishe, kwa sababu nataka kumpelekea baba chupa moja nitakapokwenda likizo mwezi Desemba.

JIBU

Marahaba, dada yangu. Kwa maelezo uliyotoa, naamini chupa zako zote mbili zilikuwa nzima. Kilichokosewa ni joto: ya kwanza uliinywa ikiwa baridi mno, ya pili ikiwa imepata joto mno, na bia ambayo wenzako walikusifia ipo katikati ya hizo mbili. Nitaanza na suala la sukari kwa sababu ndilo linalobeba maswali yako mengine. Mtu akishaelewa utamu ule unatoka wapi, sehemu kubwa ya namna ya kuionja bia hii ataiona mwenyewe.

Hakuna sukari iliyotiwa. Sheria ya bia ya Ujerumani, ambayo mizizi yake ni amri iliyotolewa mjini Ingolstadt tarehe 23 Aprili 1516 na watawala wa Bavaria, Wilhelm IV na Ludwig X, hairuhusu bia ya aina hii, yaani ile inayochachushwa kwenye baridi kwa hamira inayotua chini ya pipa, kutengenezwa kwa kitu kingine zaidi ya kimea cha shayiri, hopsi (maua ya mmea yanayoitia bia uchungu), hamira na maji. Utakapopata chupa nyingine, soma lebo yake: utakuta maji, hopsi na neno Gerstenmalz, ambalo ndicho kimea cha shayiri, pengine na hamira, lakini hutakuta sukari.

Kwako wewe uliyezaliwa Moshi kimea si kitu kigeni. Umeona ulezi ukilowekwa, ukaachwa uchipue, ukakaushwa na kusagwa kwa ajili ya mbege. Na bila shaka umeona uji wa vuguvugu ukitiwa kimea na, baada ya saa kadhaa, kulegea na kuwa mtamu bila mtu yeyote kutia hata kijiko cha sukari, ikawa togwa. Nafaka inapochipua huzalisha vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo vikipata maji na joto la kutosha hukata wanga na kuufanya sukari. Mtengenezaji wa bia wa Bavaria hafanyi jambo tofauti. Huchanganya kimea cha shayiri kilichopondwa na maji, hupandisha joto hatua kwa hatua, akituama zaidi karibu na nyuzi 65 za Selsiasi, kisha huchuja machicha, na maji matamu anayobaki nayo ni togwa ya shayiri. Hata uchungu unaofuata una mwenzake nyumbani kwenu, kwani hopsi hufanya katika bia kazi ile ile ambayo gome la msesewe hufanya katika mbege, ya kuuzuia utamu usitawale peke yake.

Tofauti ya kwanza kati ya Doppelbock na bia za kila siku ni wingi wa nafaka. Bia ya kawaida ya Munich huanza na maji matamu ambayo katika kila gramu 100 yana takriban gramu 11 au 12 za vitu vilivyotoka kwenye kimea. Nchini Ujerumani bia haiwezi kuitwa Bock mpaka kiasi hicho kifike angalau 16, wala Doppelbock mpaka kifike angalau 18. Hamira haiwezi kula yote hayo. Sehemu moja huigeuza kuwa kileo na gesi, na sehemu nyingine, hasa vipande vya wanga vilivyo virefu mno kwa hamira kuvimeng'enya, hubaki ndani ya bia. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba vipande hivyo havina utamu wa kutajika. Vinachotoa ni uzito, ile hali ya kinywaji kujaza mdomo kama uji mwepesi. Kwa hiyo uzito ulioonja ulikuwa wa kweli, lakini utamu wenyewe kwa sehemu kubwa ulitoka mahali pengine.

Mahali hapo ni moto. Shayiri ikishachipua hukaushwa kwa hewa ya moto, na hapo ndipo tabia ya bia nzima huamuliwa, miezi kadhaa kabla hamira haijaguswa. Kwa bia nyepesi za rangi ya dhahabu, mkaushaji huishia karibu na nyuzi 80 au 85, na kimea hubaki na rangi hafifu na harufu ya majani makavu. Kwa kile kinachoitwa kimea cha Munich, joto la mwisho hupandishwa hadi nyuzi 100 na zaidi kidogo, na hapo sukari na sehemu za protini zilizomo ndani ya punje huungana, zikazaa rangi ya kahawia pamoja na harufu nyingi ambazo punje mbichi haikuwa nazo. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza muungano huo mwaka 1912, ingawa wapishi wa dunia nzima waliutumia tangu zamani bila kuujua kwa jina: ndio unaotia madoa ya kahawia kwenye chapati, unaolipa ganda la mkate harufu yake, unaotofautisha karanga za kukaanga na karanga mbichi, na unaoifanya nyama choma inukie hadi nyumba ya jirani. Ukinusa Doppelbock nzuri unanusa ndugu wa vyakula hivyo vyote.

Watengenezaji wa kale wa Bavaria waliongeza moto mwingine. Kwa kuwa hawakuwa na kipimajoto, walichota karibu theluthi moja ya mchanganyiko mzito wa kimea na maji, wakauchemsha pembeni, kisha wakaurudisha kwenye pipa kubwa ili joto la pipa zima lipande kwa kiasi kinachojulikana, na wakarudia hivyo mara mbili au tatu. Viwanda kadhaa vya Bavaria bado hufanya hivyo, ijapokuwa kazi hiyo hula muda na nishati. Wapo wataalamu wanaosema kwamba kimea cha siku hizi ni bora kiasi kwamba kuchemsha huko hakuna faida tena. Mimi niko upande wa wanaoitetea, kwa sababu katika bia zilizotengenezwa namna hiyo hupata kina cha harufu ya ganda la mkate ambacho sikipati kwa urahisi kwenye zile zilizotegemea kimea chenye rangi peke yake.

Sasa naomba ufanye jaribio moja dogo ambalo litakufundisha zaidi ya maelezo yangu yote. Utakapokuwa na bia hii kwenye glasi, ziba pua kwa vidole viwili, piga funda moja, lizungushe mdomoni na umeze ukiwa bado umeziba. Utahisi utamu wa wastani, uchungu kidogo, uzito, na joto la kileo kooni, basi. Kisha achia pua na utoe pumzi polepole kupitia puani. Wakati huo huo, ingawa mdomoni hamna kitu tena, zitakujia harufu za mkate, sukari guru, tende na karanga, na utahisi kwamba bia imekuwa tamu zaidi kuliko ilivyokuwa sekunde mbili zilizopita. Ulimi unajua utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ule utamu wa supu ya nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha huletwa na pua. Ubongo, kwa kuwa tangu utotoni umezoea kukutana na harufu ya sukari guru pamoja na sukari yenyewe, unaposikia harufu hiyo hutangaza utamu. Ndiyo sababu wengi huapa kwamba bia hii imetiwa sukari.

Jaribio hilo pia linaeleza yaliyozipata chupa zako. Ile ya friza ilikuwa karibu na nyuzi sifuri, na katika baridi ya namna hiyo harufu hazipandi kutoka kwenye kinywaji, ulimi wenyewe hufa ganzi, na utamu ndio unaopotea mapema. Harufu ikifa na utamu ukilala, kinachobaki ni uchungu na kileo, nawe ndivyo ulivyoandika. Kwa kunywa kwenye chupa ulijinyima hata kile kidogo kilichobaki, maana shingo ya chupa ni nyembamba na pua inabaki nje. Ile ya pili ilipata madhara ya upande mwingine. Kwenye joto la chumba chenye kipasha joto gesi hutoroka haraka, na gesi ndiyo inayoleta michomo midogo na uchachu mwepesi unaoukata utamu. Mvuke wa kileo nao hupanda kwa wingi na kuingia puani kama wa dawa. Kinywaji kisichokuwa na gesi, kizito, chenye harufu ya sukari guru na mvuke wa kileo, hakiwezi kumkumbusha muuguzi kitu kingine isipokuwa dawa ya kikohozi.

Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 8 na 12. Kwa kuwa friji nyingi za nyumbani huwa na nyuzi 4 au 5, itoe chupa na uiache mezani nusu saa, mbali na kipasha joto. Chagua glasi yenye tumbo pana na mdomo uliojikusanya kidogo. Kama huna ya bia, ya mvinyo inatosha. Ioshe kwa maji ya moto na uisuuze sana, kwa sababu hata mafuta kidogo ya mikono au ya sufuria hulivunja povu. Mimina ukiwa umeinamisha glasi, kisha uisimamishe mwishoni ili povu lipande kiasi cha vidole viwili, na usiijaze zaidi ya nusu, maana nafasi iliyo wazi juu ya bia ndimo harufu zinamokusanyika.

Kabla ya kunywa, inua glasi mbele ya taa. Kutoka mbali bia hii huonekana nyeusi, lakini mwanga ukipita utaona rangi ya damu ya mzee, wakati mwingine yenye ukingo mwekundu kama wa kito, na inapaswa kuwa safi bila ukungu, kwa kuwa imetulia kwenye baridi kwa muda mrefu. Povu liwe na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Nusa kwa vipindi vifupi, mara mbili au tatu, kisha iondoe glasi puani na uvute hewa safi, kwa kuwa pua huchoka upesi na kuacha kuripoti kile ilichokwisha kuzoea. Harufu ya kwanza iwe ya mkate uliotoka tanurini, hasa ganda lake. Nyuma yake tafuta karanga, sukari guru, tende au zabibu kavu, na katika baadhi ya bia chokoleti hafifu. Ukipata tende moja na mwenzako akapata zabibu kavu, hakuna aliyekosea.

Usiihukumu kwa funda la kwanza. Funda hilo husafisha mdomo na kuuzoesha kileo. La pili ndilo la kuonja. Liache lifunike ulimi wote, na ufuatilie mwendo wake, kwa maana bia hii ina mwanzo, kati na mwisho. Mwanzo huja utamu wa kimea, katikati huja uzito na zile harufu za matunda makavu, na mwisho, polepole kuliko ulivyozoea, huja uchungu mdogo wa hopsi na joto jepesi linaloshuka kifuani. Uchungu huo ni mdogo kwa makusudi: kwenye kipimo cha uchungu wa bia huwa kati ya 16 na 26, ilhali bia nyingi za pilsner za Ujerumani hufika 30 au zaidi huku zikiwa na kimea kidogo mno cha kuubeba. Meza, toa pumzi kwa pua, kisha subiri. Kwangu mimi, kusubiri huko ndiko mtihani mkubwa wa Doppelbock. Ile iliyotengenezwa vibaya huacha midomo ikinata kama ya mtoto aliyelamba pipi, na hamu ya funda jingine haiji. Ile iliyotengenezwa vizuri, pamoja na unono wake wote, huondoka na kuacha mdomo msafi, na baada ya dakika moja unajikuta umeinyanyua glasi tena. Kuifanya nafaka nyingi hivyo iishe kinywani kwa usafi ni kazi ngumu, na ninawaheshimu sana wanaoiweza.

Usafi huo huja kwa baridi na subira. Hamira ya bia hizi hufanya kazi kwenye nyuzi 8 hadi 10 hivi, joto ambalo hamira ya mkate ingezubaa, na kwa kuwa hufanya kazi polepole haitoi harufu nyingi za matunda mabichi ambazo zingeifunika nafaka. Kisha bia huhamishiwa kwenye baridi inayokaribia nyuzi sifuri, ikakaa huko kwa wiki nyingi, mara nyingi miezi miwili au mitatu, mpaka harufu kali za uchanga zimekwisha. Neno laga, jina la bia zote za namna hii, linatokana na neno la Kijerumani la kuweka ghalani. Mwaka 1553 mtawala wa Bavaria alikataza kutengeneza bia kati ya tarehe 23 Aprili na 29 Septemba, kwa sababu bia za majira ya joto zilikuwa zikiharibika; amri hiyo iliifanya kazi ya bia ya Bavaria kuwa kazi ya baridi, na hamira inayopenda baridi ikapata makao.

Kuhusu rangi na ukali, jibu ni kwamba havitegemeani. Rangi hutokana na moto wa kimea, ukali hutokana na wingi wa nafaka. Bia ya Köstritzer kutoka mji wa Bad Köstritz huko Thuringia ni nyeusi kuliko Doppelbock nyingi, na kileo chake ni asilimia 4.8 tu, wakati huohuo ziko bia za Bock zenye rangi ya asali zinazofika asilimia 6 au 7, ambazo Wajerumani huzifungua majira ya kuchipua. Nadhani dhana hii imetokana na stauti, ambayo kwetu Afrika Mashariki ndiyo bia nyeusi inayojulikana zaidi. Weusi wa stauti hutokana na shayiri iliyokaangwa hadi kukaribia kuungua, kama kahawa, ndiyo maana uchungu wake ni mkavu wa mkaa na kahawa. Katika Doppelbock hutakiwi kukuta kuungua kokote. Ukiitarajia stauti ndani ya chupa ya Doppelbock utaiona ni tamu isivyo kawaida, kama mtu aliyeinua kikombe akidhani ni kahawa chungu akakuta chai ya maziwa.

Kwa nini basi inanywewa Kwaresima? Watawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko wa Paola, ambao Wajerumani waliwaita Paulaner, walifika Munich mwaka 1627, na kutengeneza kwao bia kunatajwa katika maandishi ya mwaka 1634, pale watengenezaji wa bia wa mjini walipolalamika juu ya ushindani wao. Kanuni yao iliwakataza nyama, mayai na vyakula vya maziwa mwaka mzima, na mfungo ulipozidi, kinywaji chenye nafaka nyingi kilikuwa chakula. Wabavaria hadi leo huiita bia mkate wa majimaji. Bia yao ya sikukuu ikaja kuitwa Salvator, neno la Kilatini lenye maana ya Mwokozi. Nyumba yao ilipofungwa mwishoni mwa karne ya 18, kazi ilichukuliwa mwaka 1806 na Franz Xaver Zacherl, na watengenezaji wengine wakaanza kuiga bia na jina lake. Jina lilipolindwa kisheria wakabuni majina yao yenye mwisho ule ule: Celebrator, Optimator, Triumphator, Animator. Ukikuta chupa yenye jina la namna hiyo unajua ndani mna nini. Kama hujapanda kilima cha Nockherberg hapo Munich wakati wa Kwaresima, wakati bia hii inapofunguliwa na wanasiasa wakisemwa usoni jukwaani, nenda mwakani pamoja na wenzako.

Na beberu unayemwona kwenye lebo nyingi ana historia yake. Mji wa Einbeck, kaskazini mwa Ujerumani, ulikuwa ukisafirisha bia kali iliyosifika, na Munich waliipenda hata jumba la bia la watawala, Hofbräuhaus, lililoanzishwa mwaka 1589, likamwajiri mtengenezaji kutoka Einbeck, Elias Pichler, mwanzoni mwa karne ya 17. Katika matamshi ya Wabavaria jina la mji huo lilipinda mpaka likasikika kama maneno ya Kijerumani yenye maana ya beberu mmoja. Neno Doppel linaloongezwa mbele ni maradufu, ingawa kileo hakijawa maradufu.

Hata hivyo kileo si kidogo, na hapa nasema nawe waziwazi. Chupa ya nusu lita ya Salvator, yenye asilimia 7.9, ina karibu mililita 40 za kileo halisi, ambapo nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina mililita 25. Chupa moja ni zaidi ya bia moja na nusu ya kawaida, na kwa kuwa inateremka kwa ulaini mwili hautakuonya mapema. Gawaneni chupa moja watu wawili, mle pamoja nayo, na usiendeshe gari wala ile skuta ya umeme ya kukodi baadaye, kwani sheria ya Ujerumani haizitofautishi kwa habari ya kileo.

Kuhusu chakula, fuata moto. Kile kilichopata ganda la kahawia kwa kuokwa au kuchomwa hupatana na kimea kilichopata rangi kwa njia hiyo hiyo: nguruwe wa kuoka wa Bavaria, bata na kabichi nyekundu, nyama choma iliyotiwa chumvi tu, au kipande cha jibini gumu lililokomaa. Ndizi mbivu zilizokaangwa mpaka pembe zake ziwe kahawia zinaifaa kuliko keki nyingi. Epuka pilipili kali, kwa sababu kileo huuzidisha mwasho wake, na epuka achari ya ndimu, ambayo huifanya bia ionekane chapwe.

Umeuliza kama bia zako zilikuwa zimeharibika, basi hizi ndizo dalili za iliyoharibika. Ikinuka karatasi au kadibodi iliyolowa, imezeeka au ilikaa kwenye joto. Ikinuka mvundo mkali unaofanana na wa mnyama kicheche, ilipigwa na mwanga, jambo linalozipata zaidi chupa za kijani na zisizo na rangi, kwa kuwa mwanga huvunja vitu vilivyotoka kwenye hopsi. Harufu nzito ya siagi huonyesha kwamba hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi yake, na uchachu wa siki huonyesha bakteria. Utamu peke yake, bila mojawapo ya haya, si dalili ya ubovu.

Kwa ajili ya baba, usiihifadhi chupa tangu Machi. Bia hizi hustahimili kukaa kuliko bia nyepesi, lakini kabati la jikoni si ghala la barafu, na nyingi huuzwa mwaka mzima. Nunua Novemba, utazame tarehe iliyoandikwa, na uiweke gizani ikiwa imesimama. Ningependekeza ama Celebrator ya kijiji cha Aying, ambayo ina asilimia 6.7 na harufu nzuri ya mkate uliookwa sana, ama Doppelbock nyeusi ya watawa wa Andechs, yenye asilimia 7.1, ambayo unaweza kuifuata wewe mwenyewe siku ya mapumziko. Ifunge kwa nguo katikati ya begi kubwa, si la mkononi, na ukifika Moshi iache ilale kwenye friji siku mbili ili itulie baada ya safari. Kwa joto la Desemba huko, dakika 15 nje ya friji zitatosha. Mmiminie kwenye glasi yenye tumbo, umwambie anuse kwanza, na usimtajie mkate wala tende. Mzee aliyezoea kuinua kata ya mbege amekaa na kimea cha ulezi miaka mingi kuliko mimi nilivyokaa na cha shayiri, na ningependa sana uniandikie alichokinusa.